Nyota 4.8 za Nani? Namna ya Kupima Maoni ya Wanunuzi Kabla Hujalipa

Wastani wa nyota ndio hutangulia kuonekana, na ndio unaokueleza machache. Wanaojisumbua kuandika maoni kwa kawaida ni waliofurahi mno au waliokasirika. Aliyepata kitu cha wastani hunyamaza. Halafu wengi huandika siku ileile mzigo unapofika, kabla betri haijachoka wala bawaba haijalegea. Nyota zao zinapima upesi wa kuletewa, si uimara wa kitu.

Anza na idadi. Bidhaa yenye 4.8 kwa maoni 12 si lazima iishinde yenye 4.5 kwa maoni 900. Ongezea kila moja maoni 10 ya kubuni ya nyota 3, kisha piga hesabu upya. Ya kwanza: (12 × 4.8 + 30) ÷ 22, inashuka hadi karibu 4.0. Ya pili: (900 × 4.5 + 30) ÷ 910, inabaki karibu 4.5. Hesabu hii haikamati udanganyifu, ila inakuzuia kubabaishwa na maoni ya watu wachache.

Kisha panga maoni kuanzia mapya, usome ya nyota 2, 3 na 4. Hapo ndipo penye habari, kwa sababu anayetoa nyota 3 hana budi kueleza kilichomridhisha na kilichomkera. Tafuta maneno kama "baada ya miezi", "imekufa", "inapata moto". Malalamiko ya msafirishaji au sanduku lililobonyea weka kando. Lakini watu watatu wasiohusiana, kwa tarehe tofauti, wakitaja swichi ileile kuvunjika, hiyo huenda ni kasoro ya kiwandani. Kiwanda pia hubadilisha vipuri kimyakimya, kwa hiyo sifa za miaka mitatu iliyopita huenda ni za kitu kingine kabisa.

Kuhusu maoni feki, zamani tulishauri kutazama lugha mbovu. Ushauri huo umepitwa na wakati: akili mnemba inaandika sentensi safi kwa sekunde. Tazama mwenendo badala yake. Maoni 40 ya nyota 5 ndani ya siku mbili, baada ya wiki nyingi za ukimya, yanatia shaka. Fungua wasifu wa mwandishi: je, kila anachonunua anakipa nyota 5? Kagua picha za wanunuzi pia. Ukiona kikaratasi cha muuzaji kinachoahidi zawadi kwa atakayetoa nyota 5, wastani wote wa ukurasa huo umenunuliwa kwa kiasi fulani.

Alama ya "ununuzi umethibitishwa" inasaidia, lakini si kinga. Mtu anaweza kununua kweli, akaandika sifa, kisha akarudishiwa pesa pembeni.

Mtego usiojulikana sana ni ukurasa wa kurithi: muuzaji huunganisha bidhaa mpya na ya zamani yenye sifa nzuri, nyota zikahamia. Ukikuta kwenye ukurasa wa mashine ya kusagia matunda mtu anasifu kava la simu, ondoka. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni moja ya vitamini kwa mchezo wa namna hii, ikalipa dola 600,000. Mwaka uliotangulia duka moja la mavazi lilikubali kulipa dola milioni 4.2 kwa tuhuma za kuficha maoni yenye chini ya nyota 4 kwenye tovuti yake. Kwa hiyo, tovuti ya muuzaji mwenyewe ikiwa haina lalamiko hata moja, usiisome kama ushahidi. Marekani imepiga marufuku rasmi maoni feki tangu Oktoba 2024, Uingereza tangu Aprili 2025, lakini biashara yenyewe haijafa.

Kwa vitu vya usalama, kama chaja, helmeti au kiti cha mtoto cha gari, nyota ziache kabisa. Mnunuzi hana kifaa cha kupima kama waya utawaka au helmeti itahimili pigo. Tafuta alama ya ubora, kisha uhakiki namba yake kwa chombo kilichoitoa, au soma vipimo vya taasisi zinazonunua bidhaa zenyewe na kuzipima maabara: Consumer Reports ya Marekani, Which? ya Uingereza, Stiftung Warentest ya Ujerumani. Hakikisha namba ya modeli waliyopima ndiyo unayonunua, herufi kwa herufi. Herufi moja ya mwisho inaweza kumaanisha mota tofauti.