Mfuko huu ni tata au si tata?

Wanakikundi, mwenzetu wa Igoma ametuletea hoja ya dada yake aliyeko Ujerumani. Alitaka kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji, benki ikamtaka kwanza ajibu maswali. Akaudhika: "Wananiona sijui kitu?" Sivyo. Sheria ya Ulaya iitwayo MiFID II, inayotumika tangu Januari 2018, inamtaka muuzaji wa kitu tata, yaani uwekezaji ulio mgumu kuelewa unavyofanya kazi, apime kama mnunuzi ana ujuzi na uzoefu wa kukielewa. Kisipokuwa tata, na mteja akakiomba mwenyewe, kipimo hicho kinaweza kurukwa.

Kujua kama mfuko ni tata, fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1. Soma waraka wa mfuko, utafute neno UCITS. Hiyo ni mifuko ya umma iliyosajiliwa kwa kanuni za Ulaya, na kwa kawaida haihesabiwi kuwa tata.

Hatua ya 2. Umeliona? Usifunge waraka bado. Angalia malipo yanavyopatikana. Kama yanafuata fomula, mfano "siku fulani ikifika, hisa kadhaa zikiwa juu ya kiwango hiki utalipwa hivi, zikiwa chini utalipwa vile", basi huo ni tata hata kama ni UCITS.

Hatua ya 3. Si UCITS? Uhesabu kuwa tata. Ndivyo ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, inavyoitazama mifuko hiyo.

Ila tusichanganye utata na hatari. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukueni dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Mvua ikiwakuta juani, gunia la kitoweo linageuka chakula cha kuku na mtaji umeondoka. Hatari hiyo! Lakini kilichomo guniani kila mtu anakiona. Mfuko wa hisa tupu nao unaweza kushuka vibaya na bado usiwe tata.

Maswali

*Mwalimu, kwa hiyo vipande vyetu vya Mfuko wa Umoja ni tata?*
Mama, huo ni mfuko wa UTT AMIS, kampuni inayouendesha, na uko chini ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya hapa kwetu Tanzania; sheria ya Ulaya haiutawali. Kichekesho ni kwamba dalali wa Ulaya angeuweka kwenye tata, kwa sababu tu si UCITS.

*Dada akishindwa maswali, ananyimwa?*
Si lazima. Benki itamwonya kwamba mfuko haumfai. Akisisitiza, inaweza kumuuzia.

*Na akikataa kujibu?*
Ataonywa vilevile, kwamba benki haina namna ya kujua kama unamfaa. Mwambie ajibu, kaka. Dakika kumi tu hizo.