Somo: Kulinda kona ya uwanja wako dhidi ya magari bila kuangukia kwenye kesi

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Magari yanakata kona yanapanda bustani yangu, niweke nini?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Naishi kwenye kona, Tabata, Dar es Salaam, barabara ya vumbi inayopitiwa na fuso za mchanga na maboza ya maji kutwa nzima. Ninayoyasema ni ya Tanzania.

Hatua ya 1. Tafuta bikoni zako, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Zikiwa zimefukiwa, mwite mpima ardhi. Usikisie kwa kufuata ukuta wa jirani.

Hatua ya 2. Jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), na chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi yake, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), iliyoanza 2017. Upana wake uangalie kwenye ramani ya mipango miji. Yale majani ya nje ya bikoni si yako, hata kama umeyamwagilia miaka kumi.

Hatua ya 3. Barua kwanza, sururu baadaye. Iandikie serikali ya mtaa, nakala kwa wenye barabara, uweke picha na tarehe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 4. Kuweka kizuizi. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoumiza mtu.

Mwaka 2019 nilileta mawe matano makubwa ya Kunduchi, nikayapanga kwenye majani, hatua moja tu nje ya bikoni. Yalifanya kazi, magari yakaacha kupanda. Masika ilipoingia majani yakarefuka yakayafunika. Usiku mmoja umeme umekatika, bodaboda akapisha boza, akaingia kwenye majani na kugonga jiwe. Abiria wake, mama wa makamo, alivunjika mguu chini ya goti. Kesho yake niliitwa kituoni. Mpelelezi aliniuliza mambo matatu: jiwe lipo kwenye ardhi ya nani, nani aliliweka, na mtu anayepita usiku angelionaje. Sikuwa na jibu hata moja la kunitetea. Kumlaumu dereva kwa mwendo hakukunisaidia kitu, kwa sababu uzembe wake haufuti wa kwangu. Nililipa matibabu, nikamlipa na siku zake za biashara, tukaandikishana mbele ya mjumbe. Yule mama anachechemea hadi leo.

Basi shikeni haya. Kizuizi kikae ndani ya bikoni, si juu yake. Kifike kiunoni, kipakwe nyeupe na nyekundu, kiwe na rifleta (vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa) pande zote mbili magari yanakotokea. Jiwe la urefu wa goti ndilo baya kuliko yote: dereva wa lori halioni, na pikipiki inarushwa. Halafu, usifiche kitu. Misumari, nondo zilizochomoza, shimo lililofunikwa majani, waya uliovutwa kati ya miti (huo unakata shingo ya mwendesha pikipiki), vyote hivyo ni mitego. Kizuizi kinamwambia mtu asipite. Mtego unamsubiri apite aumie. Mahakama haitakuuliza kama aliingia bila ruhusa tu, itakuuliza ulikusudia nini.

Mimi sasa nina mabomba ya chuma ya inchi 4 yaliyojazwa zege, mita moja juu ya ardhi, sentimita 60 chini. Nimeacha nafasi ya toroli kupita.

Hatua ya 5. Piga picha mchana na usiku, kwa taa za gari. Rudia kila baada ya mvua kubwa, na fyeka majani.

Hatua ya 6. Ukigongewa, usimnyang'anye dereva funguo. Piga picha namba ya gari, ita trafiki, hakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima). Hata bima ndogo mara nyingi inalipa ukuta wa mtu.

MASWALI

Swali, Mbagala: Mkuu kwa kifupi, nikifukia mbao yenye misumari ndani ya eneo langu si ruksa?
Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 4.

Swali, huyo huyo: Lakini nina hati!
Jibu: Hati inakupa ardhi, haikupi mguu wa mtu. Sijaandika somo hili ili nibishane kuhusu misumari, ndugu.

Swali, Goba: Nikiweka kibao cha "TAHADHARI, MAWE" inatosha?
Jibu: Ndani ya eneo lako kinasaidia, kama kinasomeka usiku. Kwenye hifadhi ya barabara hakikuokoi, kinathibitisha tu kwamba ulijua hatari ipo.

Swali, Morogoro: Mtu aligonga nguzo yangu mwaka jana, kimya hadi leo. Nimepona?
Jibu: Bado. Madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka mitatu. Tunza picha zako.

Swali, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria. Hili la mitego limetoka wapi?
Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Sheria yetu ya madhara, ile inayomlipa fidia aliyeumizwa, kwa sehemu kubwa ni ile ya Kiingereza iliyopokelewa Tanganyika, tarehe ya mapokezi ikiwa 22 Julai 1920. Isome Bird v Holbrook ya 1828. Mwenye bustani ya maua alitega bunduki bila kuweka tangazo. Kijana akaruka ukuta kumfuata tausi wa jirani aliyepotea, ikampiga. Kijana alikuwa ameingia bila ruhusa, na bado alilipwa. Soma alivyotega kwa siri, ndipo penye uzito.

Swali, Kimara: Kaka, sisi mtaa mzima tumechanga tujenge tuta. Watoto wanavuka kwenda shule.
Jibu: Dada, nia yenu ni njema, ila tuta ni la mwenye barabara. La kienyeji, refu na lisilo na alama, linaangusha watu, na wote mliochanga mtaulizwa. Andikeni barua moja, wasaini wazazi wote, na mwalimu mkuu asaini pia. Barua ya shule inasikilizwa haraka kuliko ya mtu mmoja. Ukitaka nikusaidie kuiandika, nitumie rasimu.

Swali, Tegeta: Badala ya mabomba, minyaa je?
Jibu: Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, usiupande watoto wanapocheza. Bogenvilea ni bora, ila ikate isilalie barabarani ikaziba kona.

Swali, Goba tena: Rangi yangu ya chokaa inaoshwa na kila mvua.
Jibu: Tia chumvi kwenye chokaa, koroga, acha ilale usiku kucha, kisha paka mara mbili jiwe likiwa na unyevu kidogo. Rifleta usizipake juu.