Kozi ya pili ya usanifu wa grafiki: faili inayochapika

Kozi ya kwanza chuoni hukufundisha zana: kuchora vekta (michoro inayokuzwa bila kuchakaa), kupanga leya (matabaka ya kazi), kutoa mandhari ya nyuma kwenye picha. Ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho, maana hapo kazi haipimwi tena kwenye skrini. Kadi ya mwaliko wa kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) iliyopendeza kwenye laptopu inarudi kutoka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na jina la bibi harusi limeliwa na mashine ya kukatia. Kosa la aina hiyo lina sababu inayojulikana, na karibu kila jambo la ngazi ya kati linahusu sababu za namna hiyo.

Kabla ya kulipa ada, ingia chumba cha kompyuta wakati wa kipindi. Hesabu wanafunzi, hesabu mashine zinazowaka. Wanafunzi watatu kwa kompyuta moja maana yake mazoezi utayafanya kwingine, kwa hiyo ziweke saa hizo kwenye bajeti. Uliza pia wanatumia programu gani. Vyuo vingi hupenda Illustrator na Photoshop, lakini kwenye vibanda vya uchapaji vya Kampala CorelDRAW bado ina wenyewe. Jifunze moja vizuri, na ya pili ijue kiasi cha kufungua faili na kuirekebisha. Asiye na pesa ya leseni ana Inkscape kwa michoro, GIMP kwa picha na Scribus kwa kurasa, zote za bure. Ila Inkscape hufanya kazi kwa RGB (rangi za skrini), basi kazi ya kuchapwa imalizie Scribus, inayotoa PDF ya CMYK (rangi za wino).

Anza na gridi, yaani mistari ya kuongoza mpangilio wa ukurasa. Kwa A4, yaani milimita 210 kwa 297, acha ukingo wa milimita 15 kila upande. Upana unaobaki ni 180. Ugawe safu 6 za milimita 25, na kati ya safu na safu uache milimita 6. Maandishi marefu yakae safu 3 au 4, picha ichukue 2 au zote 6. Herufi za pointi 10 zipe pointi 14 kutoka mstari mmoja hadi unaofuata. Ukibana hadi 11, msomaji atarudia mstari uleule mara mbili.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya Kizungu havitautaja. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Ukisawazisha aya pande zote mbili ndani ya safu nyembamba, "wanapokutambulisha" litasukuma nafasi nyeupe mpaka aya ionekane kama meno yenye mapengo. Na ukiruhusu programu ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, itaandika "wanaf-unzi". Silabi yetu kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo ni "wana-funzi". Zima ukataji wa maneno, panga maandishi kushoto, na pale inapobidi kata kwa mkono. Luganda nayo ina herufi ŋ, kama katika eŋŋoma, na fonti nyingi za mapambo hazina herufi hiyo. Matokeo yake ni kisanduku kitupu, au herufi moja ya sura tofauti katikati ya neno. Kabla ya kuchagua fonti ya kazi nzima, andika nayo eŋŋoma, ng'ambo na tarakimu zote 10. Jaribio la nusu dakika.

Rangi ndiyo inayoleta ugomvi mwingi na wateja. Skrini huchanganya mwanga (RGB), mashine huchanganya wino: samawati (C), majenta (M), njano (Y) na nyeusi (K), yaani CMYK. Kijani kinachowaka kwenye simu hakipo kwenye wino, basi geuza faili kuwa CMYK mapema, mteja aione rangi iliyopoa kabla hajaipenda ile nyingine. Bluu ya C100 M100 hutoka zambarau. Shusha majenta hadi 70 au chini zaidi. Maandishi madogo meusi yawe K100 peke yake. Yakiwa na wino nne, pleti moja (bamba la kuchapia rangi moja) ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu. Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine: K100 pekee huonekana kijivu kilichochoka, kwa hiyo liongezee, mfano C60 M40 Y40 K100. Jumla hapo ni asilimia 240. Ukipita 300 kwenye karatasi ya kung'aa, wino hukawia kukauka na karatasi zinapakana rangi zikipangwa.

Sasa lile jina lililoliwa. Mashine ya kukatia hukata rundo zima kwa mpigo, na karatasi huteleza kidogo. Ndiyo sababu rangi ya nyuma inapaswa kutoka nje ya mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani kwa milimita 5. Kadi ya biashara ya milimita 90 kwa 55 inakuwa faili ya 96 kwa 61. Kabla ya kupanga karatasi nzima, muulize fundi: "Ssebo (bwana), mashine yako inameza ukubwa gani?" Akisema SRA3, yaani milimita 320 kwa 450, zinaingia 3 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 21. Kadi 100 zinahitaji karatasi 5. Mwanafunzi anayekuja na hesabu hiyo tayari husikilizwa.

Picha: pikseli 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inafika sentimita 10 tu, hata ukiivuta vipi. Zile zinazotumwa WhatsApp kama picha huwa zimeshabanwa. Mwambie mteja azitume kama dokumenti.

Zoezi zuri la kati ya muhula ni kijitabu cha A5 cha kurasa 12, mfano ratiba ya ibada ya harusi. Karatasi 3 za A4 zikikunjwa katikati na kupigwa stepla hutoa kurasa hizo, na idadi lazima igawanyike kwa 4. Upande wa nje wa karatasi ya kwanza una ukurasa wa 12 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake 2 na 11. Kurasa mbili zinazokaa pamoja siku zote jumla yake ni 13. Usiamini kichwa: kunja karatasi tupu 3, ziandike namba, zifungue, nakili mpangilio.

Bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200 halihitaji maelezo mengi. Chini kabisa, sentimita 15 hivi, usiweke namba ya simu; sehemu hiyo humezwa na kasha au hufichwa na viti.

Siku ya kupeleka kazi, hifadhi nakala mbili. Ya kwanza ina maandishi yanayoharirika, hiyo ni yako. Ya pili geuza maandishi kuwa michoro (Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator), kwa sababu kompyuta ya kibandani ikikosa fonti yako itaweka yake bila kukuuliza. Toa PDF. Faili ya CorelDRAW ya toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani, na mafundi wengi wana la zamani. Umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa inaondoka nao, basi kidole kiishi kwenye Ctrl+S.

Omba nakala moja ya majaribio kabla ya zote. Itazame nje, juani, si chini ya taa ya kibanda. Pima kwa rula, soma majina herufi kwa herufi, linganisha siku na tarehe kwenye kalenda, kisha mteja atie sahihi juu ya nakala hiyohiyo na ubaki nayo.