Kujitolea makumbusho ya historia: anzia stoo, na namba uweke hivi

Nimemsaidia mdogo wangu mmoja wa chuo hapa Iringa kuanza kujitolea kwenye makumbusho madogo ya historia, na maswali aliyokuwa anauliza naona wengi mnayo, basi naandika hapa.

1. Nenda mwenyewe. Habari ya kutuma emaili ukasubiri achana nayo. Nenda asubuhi katikati ya wiki, lipa kiingilio, zunguka uangalie, halafu omba kuonana na mhifadhi. Beba barua fupi na kitambulisho. Kama unaongea Kihehe vizuri sema mapema, huko stoo kitakusaidia kuliko cheti.

2. Omba stoo. Kutembeza wageni kunapendeza ila kazi iliyolala ipo stoo.

3. Kuweka namba kwenye vitu. Hapa tulieni. Mnalijua fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale makumbusho ya Kalenga? Alikufa 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles ukataka kirudishwe, lakini Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipofika makumbusho ya Bremen 1953 alikuta mafuvu kama 2000, ikabidi apime na kulinganisha na vipimo vya ndugu zake Mkwawa ndo achague. Lilirudi 1954 na mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Kitu kisicho na kumbukumbu kinaleta shida ya namna hiyo, hata kama ni chungu tu cha bibi wa Kalenga.

Namba inakuwa hivi, 2024.3.7, yaani mwaka kilipopokelewa, mapokezi ya ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi kwenye mapokezi hayo. Anza kuandika kwenye rejista ya karatasi, sio laptop peke yake, umeme ukikatika au mashine ikifa rejista ipo.

Kwenye chungu kigumu au chuma kisicho na kutu, tafuta sehemu isiyoonekana na isiyosuguana na meza, paka Paraloid B-72 (resini angavu wanayotumia watu wa makumbusho) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, tabaka jembamba, eneo dogo tu. Acha ikauke KABISA. Andika kwa kalamu ya wino wa pigmenti, acha ikauke tena, ndo upake tabaka la juu, na hili la juu ndilo linalokula masaa ya watu kwa sababu asetoni inayeyusha lile la chini, ukirudisha brashi mara mbili namba yote inageuka tope jeusi. Pitisha mara moja, upande mmoja, inua mkono. Madirisha wazi, na moto usiwe karibu.

Rangi ya kucha hapana, inageuka njano na kubanduka. Makapeni hapana, inazama ndani haitoki. Selotepu ndo kabisaa usisogeze, gundi yake inabaki na ukiivuta inaondoka na rangi ya kitu.

Ila sio kila kitu kinapakwa. Vikapu vya milulu, mikeka na ngozi funga kilebo cha uzi wa pamba, usikaze. Nguo shonea kipande cha utepe wa pamba kwenye pindo, mishono michache. Plastiki usiiguse na asetoni, inaila. Chungu kinachomomonyoka nacho ni kilebo tu. Karatasi na picha za zamani andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza, maana ukikandamiza mchoro unatokea mbele kwenye sura ya mtu. Na ukikuta namba ya zamani usiifute hata kama unaona imekosewa, inakili kwenye rejista, inaweza kuwa ndo uzi pekee wa kujua kitu kilitoka kwa nani.

4. Piga picha kitu pamoja na namba na rula, mwanga wa dirishani unatosha.

5. Waulize wazee. Chukua picha za vitu, uwafuate majumbani, shikamoo kwanza na mazungumzo yao ya kawaida, usiwakimbize. Omba ruhusa ya kurekodi, na jina la aliyekueleza liandikwe kwenye rejista mbele ya kitu chenyewe kama ameridhia. Simu iweke isiite, maana ikiita katikati mzee atasubiri upokee na pale alipofikia hatarudi.