Namna ya kuweka malengo yanayopimika katika kitengo cha ruzuku

Mpango kazi niliourithi nilipoanza kusimamia ruzuku katika shirika moja la mazingira hapa Tanga mjini ulikuwa na malengo manne, na la kwanza lilisomeka hivi: "Kuboresha usimamizi wa fedha za wafadhili." Mwisho wa mwaka tulikaa kikao, kila mmoja akasema kwa dhati kwamba usimamizi umeboreka, na hakuna aliyeweza kubisha kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubishia. Mwaka huohuo ripoti mbili za robo mwaka zilikuwa zimekwenda zikiwa zimechelewa, na mfadhili alikuwa amezuia awamu moja ya fedha hadi apewe maelezo. Lengo lilikuwa limetimia kwenye karatasi, ilhali wakulima wa mwani walikuwa wakisubiri kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) tulizowaahidi.

Kosa la kawaida ambalo ningependa msomaji aliepuke mapema ni kuchukua malengo ya mradi na kuyafanya malengo ya kitengo. Bangokitita la mradi, yaani jedwali la malengo na viashiria vyake, husema hekta ngapi za mikoko zitapandwa Pangani na wanawake wangapi watafundishwa kilimo cha mwani Mkinga. Afisa ruzuku hapandi mikoko. Kazi yake ni kuhakikisha fedha inafika kwa wakati, inatumika kwa mujibu wa mkataba, inaandikwa vitabuni na kutolewa hesabu, na malengo yake lazima yatoke humo. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi lengo la kupata ruzuku ya kiasi fulani, kwa kuwa uamuzi huo uko mikononi mwa mfadhili. Kilicho mikononi mwetu ni idadi ya maandiko yaliyopelekwa yakiwa na viambatisho vyote, siku tatu kabla ya mwisho wa kupokelewa, na hilo linahesabika.

Anza kwa kuiandika safari ya shilingi. Chukua karatasi ya hesabu kwenye kompyuta na uipe safu moja kwa kila tukio lenye tarehe: mkataba kusainiwa, fedha kuingia benki, masurufu (fedha anayokabidhiwa mfanyakazi kwenda kuendesha shughuli) kutolewa, shughuli kumalizika, masurufu kurejeshwa (yaani kutolewa hesabu kwa risiti), malipo kuingizwa vitabuni, rasimu ya ripoti kumfikia msimamizi, ripoti kupelekwa, na mfadhili kuikubali. Kisha fungua majalada ya miaka miwili iliyopita na uzijaze tarehe hizo. Ni kazi ya kuchosha ya siku tatu au nne, na ndiyo kazi ambayo watu wengi huiruka, lakini bila hiyo kila shabaha utakayoiweka itakuwa ya kubuni. Nafasi kati ya tarehe moja na nyingine ndiyo inayokuonyesha mahali ambapo muda unapotea, na mara nyingi si pale palipokuwa pakilaumiwa.

Kwetu sisi lawama yote ilikuwa kwa mwandishi wa ripoti. Karatasi ilionyesha kwamba rasimu ziliandikwa kwa siku chache tu, ila hazikuweza kuanza kuandikwa kwa sababu masurufu ya shughuli za vijijini yalikuwa hayajarejeshwa. Tuseme mratibu amechukua shilingi 2,400,000 kwenda kuendesha mafunzo ya siku mbili katika kijiji cha pwani ya Mkinga, na kwamba umeyachunguza masurufu kumi na moja ya aina hiyo ukakuta yalirejeshwa baada ya siku 4, 6, 7, 9, 11, 14, 15, 19, 22, 26 na 41 tangu shughuli ilipokwisha. Ukitafuta wastani utapata karibu siku 16, lakini idadi hiyo imevutwa juu na yale ya siku 41, ambayo pengine mwenyewe alikuwa mgonjwa. Ukizipanga siku kuanzia chache hadi nyingi na kuchukua ile ya katikati, unapata 14, na hiyo inaeleza hali ya kawaida kwa uaminifu zaidi. Angalia pia kwamba masurufu manne tu kati ya kumi na moja yalirejeshwa ndani ya siku kumi.

Sasa lengo linaweza kuandikwa: "Kufikia tarehe 31 Desemba, masurufu tisa kati ya kila kumi yawe yamerejeshwa na kukaguliwa ndani ya siku kumi baada ya shughuli kumalizika." Kutoka manne kati ya kumi na moja hadi tisa kati ya kumi ni mlima, kwa hiyo igawe shabaha: nusu ya masurufu katika robo ya kwanza ya mwaka, asilimia 75 katika robo ya pili, na kiwango kamili baadaye. Shabaha isiyopandika huwafanya watu waanze kutafuta visingizio kabla hata hawajaanza kazi.

Lakini idadi peke yake haimrejeshi mtu na risiti zake. Nilipoyachukua majalada yaliyochelewa na kuyasoma moja moja, nilikuta jambo lilelile likijirudia: risiti ya hoteli ya mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) ipo, ya mafuta ipo, ila ya nahodha aliyewavusha haipo, wala ya mama aliyepika wali na samaki kwa washiriki thelathini. Nahodha hana mashine, na mratibu alikuwa akihangaika wiki mbili kutafuta namna ya kuandika malipo hayo pasipo kuonekana mwizi. Tulichofanya ni kutengeneza fomu ya malipo yasiyo na risiti, yenye jina la mpokeaji, kiasi, kazi aliyoifanya, namba yake ya simu, sahihi au dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa kijiji, kisha tukamwomba mfadhili akubali kwa maandishi kiwango cha juu cha malipo ya aina hiyo. Usiitumie fomu kama hii kabla ya kupata ridhaa hiyo, kwa kuwa wapo wafadhili wasioikubali kabisa, na mkaguzi ataigeuza kuwa hoja.

Kila lengo lipewe mtu mmoja. Wengi wanajua kile kifupisho cha Kiingereza cha herufi tano, SMART, kinachofundishwa kwenye semina za malengo, ambacho George Doran alikichapisha mwaka 1981. Wasichojua wengi ni kwamba herufi ya tatu, inayofundishwa siku hizi kwa maana ya lengo kufikika, kwake ilimaanisha lengo kukabidhiwa mhusika. Naona maana yake ya mwanzo inatufaa zaidi, kwa sababu lengo lililokabidhiwa "kitengo" halina mtu wa kuulizwa Jumatatu asubuhi. Marejesho ya masurufu ni ya mhasibu wa ruzuku. Tarehe za ripoti ni za afisa ruzuku. Mkataba mpya kusomwa na kufafanuliwa kwa waratibu ndani ya siku saba ni wa meneja mwenyewe.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni upotofu wa kipimo. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 kwamba takwimu ikianza kutumiwa kuwadhibiti watu huacha kutegemewa, na yeyote aliyekaa ofisini Juni inapokaribia kwisha, mwaka wa fedha wa Serikali ukifungwa, amekwisha kuliona hilo kwa macho. Ukipima siku za kurejesha masurufu tu, yatarejeshwa haraka yakiwa na mapengo. Ukipima asilimia ya bajeti iliyotumika, warsha tatu zitafanyika hotelini wiki ya mwisho ya robo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukifunga kila kipimo cha kasi pamoja na kipimo cha ubora. Siku kumi za marejesho ziende pamoja na sharti kwamba yasizidi moja kati ya kumi yatakayorudishwa kwa marekebisho. Matumizi yapimwe kwa ukaribu wake na makadirio ambayo mratibu mwenyewe aliyatoa mwanzoni mwa robo, kwa mfano tofauti isiyozidi asilimia 10 juu au chini, ili anayetumia kupita kiasi aulizwe sawa na anayetumia pungufu.

Makadirio hayo nayo yafuate kalenda ya huku kwetu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, huwezi kuwaita wakulima wa mwani kwenye mafunzo, kwani maji yakitoka wao wako baharini kwenye mashamba yao, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mwezi mpevu. Kusi ikivuma Juni na Julai, boti ndogo haziaminiki. Masika hukata baadhi ya barabara za vijijini, na Ramadhani hupunguza saa za mikutano katika vijiji vingi vya pwani. Bajeti iliyogawanywa sawasawa kwa robo nne haijui hata moja ya hayo, na kitengo kitahukumiwa kwa uzembe ambao kwa kweli ni wa mwezi na upepo.

Kwenye kalenda hiyohiyo weka tarehe za wafadhili, maana kila mmoja ana mwaka wake. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza 1 Julai, wa serikali ya Marekani huanza 1 Oktoba, na wafadhili wengi binafsi hufuata Januari hadi Desemba. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, ripoti ya robo mwaka hutakiwa ndani ya siku 30 baada ya robo kwisha, na za kufunga mradi ndani ya siku 120. Lakini shirika lililopokea fedha hizo kupitia shirika jingine lina siku 90 tu za kufunga, na wapo waliojisahau kwa kusoma kifungu kisicho chao. Lengo la ndani liwe siku tano kabla ya tarehe ya mfadhili. Intaneti hukatika, na mkurugenzi husafiri.

Baada ya Marekani kusimamisha misaada yake Januari 2025, niliongeza kipimo kimoja ambacho zamani nilikiona ni cha bodi: sehemu ya bajeti inayotoka kwa mfadhili mmoja. Kitengo hakiwezi kuibadilisha peke yake, lakini kinaweza kuihesabu kila robo na kuiweka mezani.

Usizidishe malengo matano. Yote yakae kwenye ukurasa mmoja, hali ya kuanzia upande wa kushoto, shabaha katikati, na hali ya sasa kulia, kisha yasomwe kwenye kikao cha nusu saa cha kila mwezi ambapo swali la kwanza ni nini kimezuia, kabla ya nani amechelewesha. Lengo likifikiwa robo tatu mfululizo, litoe kwenye ukurasa ulipishe jingine. Letu la masurufu lilitoka mwaka jana. Nafasi yake tumeipa nyaraka za manunuzi, ambazo majalada yake, nilipoyafungua, yalikuwa na tarehe chache kuliko nilivyotarajia.