Unamkubali mwandishi fulani wa muvi? Fanya hivi kabla hujaandika skripti yako

Kila anayeandika skripti ana mtu anayemkubali kupitiliza na hilo sio tatizo, tatizo ni kwamba wengi wetu tunamkubali kwa macho tu, tunaangalia muvi yake mara tatu alafu tunakaa kuandika tukidhani kuna kitu kimetuingia. Kilichotuingia mara nyingi ni koti la steringi na ile mvua ya sini ya mwisho, basi.

Mi yamenikuta. Skripti yangu ya kwanza wahusika wote walikuwa wanaongea kama wahusika wa mwandishi niliyekuwa namhusudu kipindi hicho, vijembe mwanzo mwisho, kila mtu ana jibu la papo hapo, mpaka mtoto wa miaka sita anaongea kama wakili. Rafiki yangu kasoma kurasa kumi akaniuliza "sa hapa anaongea nani?" Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho: funika majina ya wahusika, soma mazungumzo, ukiona sauti zote ni moja ujue umeazima mdomo wa mtu.

Sasa fanya hivi. Chagua muvi moja, sio kumi. Orson Welles, mwongozaji wa muvi wa Marekani, alisimulia mwenyewe kwamba kabla ya kutengeneza Citizen Kane, ile ya 1941, aliangalia Stagecoach ya John Ford kama mara 40 hivi. Na ukiziweka pamoja hazifanani hata kidogo, moja ni abiria wa gari la farasi jangwani, nyingine ni tajiri wa magazeti, maana jamaa alikuwa anasoma muvi inavyojengwa, stori yenyewe hakuigusa.

Mara ya kwanza angalia kama mtazamaji tu, ucheke, ulie. Mara ya pili zima sauti, uone stori inaeleweka kiasi gani bila maneno. Mara ya tatu shika daftari na rimoti, kila sini iandikie sentensi moja: nani anataka nini, nani anamzuia, na sini ikiisha nini kimebadilika. Inachosha kweli, mi huwa nagawanya siku mbili, ila ukimaliza unauona mfupa wa muvi nzima kwenye kurasa chache. Alafu chukua sini unayoipenda kuliko zote uiandike upya kwa mfumo wa skripti kwa kuitazama kwenye skrini, ndo utafute skripti halisi mtandaoni ulinganishe. Jiandae kuona aibu, we utakuwa umeandika nusu ukurasa pale mwenzio alipoandika mistari miwili.

Waandishi wa vitabu nao usiwaache. Joan Didion, ambaye baadae aliandika na skripti za muvi, akiwa na miaka 15 au 16 alikuwa anazipiga chapa upya kwa mashine hadithi za mwandishi Ernest Hemingway ili ajue sentensi zinafanyaje kazi. Mkono unagundua vitu jicho linapita.

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Tuseme unachokipenda kwa mwandishi wako ni kwamba wahusika wake hawasemi wanachohisi. Usichukue sini yake, chukua huo ufundi uupeleke kwenye jambo lako. Mfano kijana karudi kwao baada ya miaka mingi ya ugomvi, baba yake yuko juu ya stuli anafunga feni, taa imekatika. Rasimu mbovu kijana anasema "baba nisamehe" na baba analia. Sasa jaribu hivi: baba hageuki, kimya kinapita, anasema "nishikie tochi." Kijana anashika, mwanga unatetemeka. Baba: "Shika vizuri." Msamaha umeshatolewa na hakuna aliyeutaja, na hiyo sini ni yako, sio ya mtu.

Swali linalokuja kila mara ni mpaka kati ya kujifunza na kuiba uko wapi. Angalia Akira Kurosawa, mwongozaji wa Japani, kachukua Macbeth ya Shakespeare akaihamishia Japani ya masamurai, ikawa Throne of Blood mwaka 1957. Muvi yake ya The Hidden Fortress, 1958, stori inaonekana kwa macho ya watu wawili wa chini kabisa wanaogombana njia nzima, George Lucas akaipenda hiyo mbinu, kwenye Star Wars ya 1977 wakawa maroboti wawili, na mwenyewe anakiri. Ila Sergio Leone, mwongozaji wa Italia, alipotoa A Fistful of Dollars mwaka 1964 ikifuata Yojimbo ya Kurosawa karibu tukio kwa tukio bila ruhusa, upande wa Kurosawa ukashitaki, ikaisha kwa makubaliano na Wajapani wakapewa fungu la mapato. Wazo au mbinu halina mwenyewe, lakini mpangilio wa matukio na wahusika waliokwisha andikwa, hapo kuna mwenye mali.

Kingine, usiwe na mwandishi mmoja tu unayemkubali. Tafuta wawili wasiofanana, mmoja wa vichekesho mmoja wa kutisha kwa mfano, uwagonganishe.

Na ukishaanza rasimu ya kwanza acha kabisa kuangalia muvi za mwandishi unayemkubali, hata trela, maana utajikuta unaandika kwa sauti yake bila kujua. Mi nikikwama sini ya katikati nafungua lile daftari la sentensi mojamoja, naangalia yeye pale katikati alibadilisha nini, nalifunga, narudi kwa baba na feni yake.