Somo: Kuiandaa filamu yako kwa msimu mpya wa matamasha ya kimataifa, kwa sisi tulioko Nyanda za Juu Kusini

Tangu wiki iliyopita nimepokea jumbe kumi na moja zenye swali lile lile, kwamba filamu hutumwaje kwenye tamasha la nje, na kila mara nimejibu upya kana kwamba naulizwa kwa mara ya kwanza. Safari hii naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi ni mwongozaji wa filamu fupi, ninaishi Mbeya, na nimetuma filamu tatu nje ya nchi katika misimu minne. Mbili zilipokelewa, na moja ilifia njiani kwa uzembe wangu mwenyewe, ambao nitaueleza katika hatua ya nne. Somo hili halifundishi kupiga picha nzuri. Linahusu yanayofuata baada ya filamu kukamilika, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za huku kwetu huangushwa na saa na maandishi kabla mchaguzi wa tamasha hajafika kwenye uzuri au ubaya wake.

Hatua ya 1: Ijue kalenda. Januari kuna Sundance kule Marekani, ambalo kuanzia 2027 linahama Park City na kwenda Boulder, Colorado. Mwishoni mwa mwezi huo huanza Rotterdam la Uholanzi na Clermont-Ferrand la Ufaransa, ambalo ni la filamu fupi. Februari ni Berlin, Mei ni Cannes, Julai ni Durban, Agosti ni Locarno, na mwisho wa Agosti kuingia Septemba ni Venice, tamasha kongwe kuliko yote, lililoanza mwaka 1932. Toronto hufuata Septemba hiyo hiyo, na Novemba Amsterdam hukusanya filamu za hali halisi. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969, huja kila baada ya miaka miwili katika mwaka wa namba witiri, kwa hiyo baada ya lile la 2025 tunalingojea la 2027. Tarehe hizo, hata hivyo, ni za kuonyesha filamu, si za kutuma, na dirisha la kutuma hufungwa miezi kadhaa kabla. Mimi nimezoea kuhesabu kwa shamba: Berlin hufunga dirisha wakati tunasubiri mvua za kwanza, Cannes hufunga tukiwa tunachoma mahindi mabichi, na Venice hufunga watu wakianza kuvuna. Anayelisikia tamasha la Cannes redioni mwezi Mei, kisha akaanza kuhariri siku hiyo, anajiandaa kwa mwaka unaofuata, hata kama mwenyewe hajui. Siku kamili hubadilika kila mwaka, nazo zimo katika kanuni za kila tamasha.

Hatua ya 2: Panga milango kwa wivu wake. Matamasha makubwa hutaka kuwa ya kwanza kuionyesha filamu, na kila moja lina kiwango chake cha wivu: jingine hudai onyesho la kwanza duniani, jingine huridhika na onyesho la kwanza nje ya nchi ilikotengenezwa, na jingine hutaka tu kuwa la kwanza katika nchi yake. Cannes haipokei filamu iliyokwisha kuwekwa kwenye intaneti. Anza basi na mlango wenye wivu mwingi, ushuke polepole, wala usikubali mwaliko mdogo leo wakati jibu la mlango mkubwa liko njiani. Kuwaonyesha waigizaji na wazazi wao filamu yao ukumbini, bila tangazo wala kiingilio, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa onyesho la hadhara. Kubandika mabango Mwanjelwa na kukata tiketi kunahesabiwa.

Hatua ya 3: Pima urefu pamoja na majina ya washiriki yanayopita mwishoni mwa filamu. Filamu fupi isizidi dakika 15 kwa Cannes, 20 kwa Venice na 30 kwa Berlin.

Hatua ya 4: Maandishi ya tafsiri chini ya picha. Sehemu hii isome taratibu, kwa maana hapa ndipo nilipoangukia. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 24, mazungumzo yake yakiwa ya Kinyakyusa na Kiswahili, nasi tuliipiga na kuihariri kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazopita kila sekunde. Maandishi ya Kiingereza niliyatengeneza katika faili la pembeni, lililo mbali na la filamu, yakakaa sawasawa na midomo ya watu. Kisha rafiki akanishauri kwamba majumba ya sinema hupenda fremu 24, nami bila kufikiri nikaipunguza kasi filamu nzima ili ifike hapo, nikaipandisha mtandaoni pamoja na lile faili la maandishi la zamani. Fanya hesabu mwenyewe: filamu ya dakika 24 kwa fremu 25, ikichezwa kwa fremu 24, inakuwa ya dakika 25, ilhali maandishi yake bado yanaamini kwamba inaisha dakika ya 24. Mwanzoni tofauti haionekani. Katikati ya filamu maandishi yako mbele kwa nusu dakika. Mwishoni yako mbele kwa dakika nzima. Kwenye picha mjomba alikuwa bado anakataa kuliuza shamba, na maandishi yalikuwa yamekwisha kuliuza. Nilituma kiungo cha mtandaoni cha filamu hiyo kwa matamasha matano, nikalipa ada zote tano, nikakataliwa kote, nami nikajiambia kwamba wazungu hawazielewi hadithi zetu. Aliyeligundua kosa ni mwalimu wa Kiingereza wa Iringa, aliyefungua kiungo kile kile miezi saba baadaye na kunipigia simu kabla hajaimaliza. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitazama filamu yangu maandishi yakiwa yamewashwa, kwa kuwa lugha zote mbili nazielewa na sikuwa na sababu ya kusoma.

Kwa hiyo, tahadhari zangu ni hizi. Usibadilishe idadi ya fremu baada ya kutengeneza maandishi, na ikikulazimu, yatengeneze upya au uyavute kwa uwiano ule ule. Kiungo cha wachaguzi kiwe na maandishi yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe, yasiyoweza kuzimwa. Faili la pembeni litunze kwa ajili ya siku utakayopokelewa, kwa sababu watakuomba. Mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, na kila mstari usizidi herufi 42 hivi, nafasi zikiwemo. Kumbuka pia kwamba Kiswahili hubana na Kiingereza hukunjua: neno moja kama "tusingaliwaambia" linadai maneno sita ya Kiingereza, na mwigizaji wako amelitamka kwa sekunde moja tu. Punguza maneno, linda maana. Na tafsiri ya mashine usiitume kabla haijasomwa na binadamu, maana imewahi kumgeuza mama mdogo wa mtu kuwa mwanamke mfupi.

Hatua ya 5: Kusanya ruhusa kwa maandishi: kibali cha Bodi ya Filamu, makubaliano ya waigizaji, na idhini ya kila wimbo unaosikika. Wimbo wa kwaya ya kanisani kwenu nao una mwenyewe, na elimu ya hakimiliki iko COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Hatua ya 6: Weka filamu kwenye kiungo chenye neno la siri, na neno hilo usilibadilishe hadi majibu yote yarudi.

Hatua ya 7: Jaza fomu, lipa ada, tena mapema, kwa sababu ada hupanda kadiri dirisha linavyokaribia kufungwa. Matamasha mengi hupokea kupitia FilmFreeway, tovuti ya kutumia filamu kwenye matamasha, lakini Cannes, Berlin na Venice yana fomu zake kwenye tovuti zake. Mahali pa lugha taja lugha zote zinazosemwa ndani ya filamu, Kihehe, Kibena na Kinyakyusa ni lugha, usiziandike kama "lahaja za Kiswahili." Halafu kuna suala la saa, kwa maana tarehe ya mwisho ina saa, na saa ina nchi. Usiku wa manane wa California hutukuta sisi tukiwa saa nne au saa tano asubuhi ya siku inayofuata, kutegemea majira yao, na hiyo ni nafuu kwetu. Adhuhuri ya Berlin ya mwezi Novemba, kwa upande mwingine, ni saa nane mchana wa Mbeya. Mwenzetu mmoja aliona 12:00, akaisoma kwa mazoea ya saa zetu, akangoja hadi saa kumi na mbili jioni, akakuta mlango umefungwa tangu saa nane mchana.

Hatua ya 8: Subiri, na usiwaandikie kuuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kyela Mchele: Mkuu, somo ni refu sana. Naomba tarehe ya mwisho ya Cannes tu.

Jibu: Hatua ya 1, sentensi ya mwisho.

Mlowo Kwetu: Habari, kaka. Filamu yangu iko YouTube tangu Desemba na imetazamwa mara elfu nne. Nikiifuta leo, Cannes watajuaje?

Jibu: Fomu itakuuliza kama imewahi kuwekwa hadharani, nawe utatakiwa kujibu. Ukidanganya na ikagundulika baada ya kuchaguliwa, utaondolewa mbele ya watu. Tafuta matamasha ambayo kanuni zake hazijali jambo hilo, yapo mengi, na filamu inayofuata uifungie.

Mzalendo wa Picha: Hizi hatua zote ni kupoteza pesa. Filamu ya Kiswahili haichukuliwi kokote, hao wanataka Kiingereza. Na wewe mwenyewe umefika wapi hata utufundishe?

Jibu: Nimefika mahali pa kukataliwa mara tano kwa kosa nililolieleza hapo juu bila kuficha, kama una somo bora, liandike nasi tutalisoma. Kuhusu lugha, "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ni ya Kiswahili, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021.

Kitulo Maua: Kamwene, mwalimu. Mimi niko Njombe, ninahariri filamu fupi ya Kibena, na nimekwama kwenye salamu. Binti anakataa kumwamkia baba wa kambo, na hapo ndipo hadithi yote ilipo. Nikiandika "habari za asubuhi" kwa Kiingereza, uzito unapotea. Nikiandika maana ya asili ya shikamoo, inakuwa kichekesho. Nifanyeje?

Jibu: Kamwene, dada. Hili ni swali ninalolipenda. Mtazamaji wa Rotterdam hahitaji kujua maana ya neno. Anahitaji kujua kwamba lilidaiwa na halikutolewa. Mfundishe mapema: katika dakika za mwanzo weka tukio dogo ambamo binti anamwamkia bibi, liache neno "shikamoo" kama lilivyo kwenye maandishi, na "marahaba" pia, kamera ikae kwenye magoti yanayopinda. Rudia kwa mtu wa pili. Akija kusimama wima mbele ya baba wa kambo, maandishi yakiwa matupu, mtazamaji atakuwa amekwisha kulisubiri neno hilo mwenyewe, na ukimya utasomeka. Mimi nilifanya hivyo kwa "ugonile," ambalo asili yake ni kulala: sikulitafsiri hata mara moja, na hakuna aliyelalamika. Kisha tafuta wasomaji wawili: mmoja anayejua Kibena na Kiingereza, akulinde na upotoshaji, na mwingine asiyejua Kibena kabisa, akuambie wapi amepotea. Ukikosa huyo wa pili, nitumie mimi, Kibena sikijui.

Msafiri wa Reli: Shikamoo mwalimu. Nimepata barua pepe kwamba filamu yangu imeshinda tuzo sita kwenye tamasha moja la mtandaoni linalofanyika kila mwezi. Wanasema nilipie kombe na cheti. Ni la kweli?

Jibu: Marahaba. Jiulize filamu hizo zilionyeshwa ukumbi gani na zilitazamwa na nani. Tamasha linalogawa tuzo kila mwezi na kuuza makombe lina biashara, nayo ni ya makombe. Usilipe. Matamasha mengine halali hutoza ada ya kutuma, na hilo ni la kawaida. Lakini kwa heshima unaweza kuwaandikia kuomba msamaha wa ada, ukieleza kwa mistari minne filamu inahusu nini na unatoka wapi. Mimi nimesamehewa mara tatu. Andika wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho.

Mwanjelwa Usiku: Nyongeza kidogo kuhusu kupandisha faili. Nunueni bando la usiku, na pandisheni baada ya saa sita, maana mchana mtandao wa hapa mjini hukatika katikati. Vilevile, mkipokelewa na tamasha la Ulaya, ombi la viza ya Schengen huruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na alama za vidole ni lazima mzitoe Dar es Salaam wenyewe. Mimi nilisahau kuhesabu basi la kwenda na kurudi.

Jibu: Ahsante. Na pasipoti iwe tayari kabla ya kutuma filamu.

Mtori wa Tukuyu: Mwalimu, nimefuata ushauri wa kuwasha maandishi na kuitazama filamu yangu mwenyewe. Hadi dakika ya 9 yanakwenda sawa, kisha ghafla yanachelewa kwa sekunde tatu na kubaki hivyo hivyo hadi mwisho. Nami sijagusa fremu kabisa. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa la fremu huongezeka kidogo kidogo. Kuchelewa kwa ghafla na kubaki palepale kunamaanisha umekata sekunde tatu za picha baada ya kuyatengeneza maandishi. Tazama ulichokata karibu na dakika ya 9, kisha rudisha maandishi yote yanayofuata nyuma kwa sekunde hizo tatu. Programu ya uhariri itakufanyia yote kwa mara moja.

Mtori wa Tukuyu: Ni kweli. Nilikata ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara.